Utando wa kijani unaoteleza kwenye tangi la samaki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu matangi ya maji baridi ya nyumbani, yawe ya gapi, moli, goldfish, au furu na mbuna wa maziwa yetu. Wenye maji chumvi wana swali lao karibu na mwisho.

Nitajuaje kama ni huo utando au ni mwani wa kawaida?

Tumia kidole na pua. Mwani wa kawaida una mshiko. Ule wa madoa ya kijani kwenye kioo hautoki mpaka uukwangue kwa wembe, na ule wa nyuzi ukiuvuta unakatika vipande. Ule wa kahawia unaoota kwenye matangi mapya unafutika kirahisi lakini unasambaratika ndani ya maji. Utando tunaouzungumzia hapa unabanduka kwa kipande kizima, laini na wenye ute, na chini yake changarawe inabaki safi. Rangi yake ni kijani iliyochanganyika na buluu, au kijani iliyokolea hadi kukaribia nyeusi. Mchana, taa zikiwa zimewaka, mara nyingi utaona viputo vya hewa vimenaswa ndani yake.

Halafu toa kipande unuse. Kinanuka udongo wenye ukungu, harufu ya stoo isiyofunguliwa siku nyingi. Harufu hiyo inatokana na kemikali inayoitwa geosmini. Ndiyo ile inayosikika mvua ya kwanza inapogusa ardhi kavu, na ndiyo inayomfanya kambale wa bwawani anuke tope hata baada ya kuoshwa kwa ndimu.

Ukitaka uhakika zaidi, weka kipande kwenye kikombe cheupe na kijiko kimoja cha maji, ukigandishe kwenye friza usiku kucha, kisha uache kiyeyuke. Mara nyingi maji yatageuka kuwa na rangi ya buluu, kwa sababu barafu imepasua seli na rangi iliyokuwa ndani imevuja. Mwani wa kijani hauna rangi hiyo.

Kama si mwani, ni nini?

Ni bakteria. Wanaitwa sianobakteria, na tofauti na bakteria wengi wanaofahamika, hawa wanajitengenezea chakula kwa mwanga kama mimea. Viumbe vya jamii hii vilikuwa vikitoa oksijeni duniani zaidi ya miaka bilioni mbili iliyopita, kabla hakujawa na jani wala samaki. Si wageni kwetu pia. Wanaofanya maji ya Ghuba ya Winam, pale Kisumu, yageuke kama rangi ya ukutani ya kijani ni wa jamii hii, na hata flamingo wadogo wa Natron na Bogoria wanaishi kwa kuwala. Ukisoma pakiti ya chakula cha samaki ukakuta spirulina, basi unawalisha samaki wako ndugu wa huo utando unaopambana nao. Huyo wa pakiti hana madhara, amekaushwa na hawezi kuota.

Umuhimu wa kujua hili ni wa mfukoni kwanza. Dawa nyingi za kuua mwani zinazouzwa kwenye maduka ya samaki zimetengenezwa kwa ajili ya mwani, na utando huu unaweza kuzipita bila kutikisika. Watu wananunua chupa ya pili na ya tatu wakidhani walikosea kipimo.

Umeingiaje kwenye tangi langu?

Kwa mmea, kwa samaki, kwa maji, kwa jiwe ulilookota mtoni, hata kwa vumbi. Usipoteze muda kumtafuta mchawi. Karibu kila tangi linao kidogo, na linalotofautisha matangi ni kama umepata nafasi ya kutanuka.

Nimesugua, nimebadilisha maji, na ndani ya wiki umerudi. Kwa nini?

Kwa sababu umeondoa utando na ukaacha mahali pake palivyo. Utando huu huanza pale uchafu unapotua. Hilo ukilielewa, sehemu kubwa ya kazi imekwisha.

Fanya jaribio hili kabla ya kununua chochote. Chukua punje chache za chakula cha samaki, zilowanishe mpaka zizame, uzidondoshe karibu na mdomo wa filta. Kaa utazame zinakwenda wapi na zinasimama wapi. Katika matangi mengi zitazunguka kidogo kisha zitulie mahali palepale kila mara: kona ya nyuma, chini ya gogo, nyuma ya jiwe kubwa la mapambo, au kwenye ule mstari changarawe inapokutana na kioo cha mbele. Linganisha na pale utando unapoanzia kila ukirudi. Aghalabu ni hapohapo.

Mahali hapo maji hayatembei. Mabaki ya chakula na kinyesi yanalala, yanaoza, na virutubisho vinatoka polepole kwenye changarawe moja kwa moja kwenda kwenye utando uliokaa juu yake. Ndiyo maana unaweza kubadilisha maji yote ya juu na bado utando ukashiba.

Basi kazi ni mbili. Ya kwanza ni kuvuta uchafu kutoka ndani ya changarawe, si juu yake tu. Zamisha mdomo wa mpira wa kunyonyea maji hadi chini, uone tope linapanda, kisha usogee hatua moja. Ya pili ni kuyafanya maji yatembee pale yaliposimama. Geuza mdomo wa filta, sogeza jiwe, au ongeza pampu ndogo. Pampu huandikwa lita kwa saa kwenye boksi lake; tafuta inayozungusha maji ya tangi lako mara nne hadi sita kwa saa. Kama hujui ujazo, zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha gawanya kwa 1,000. Tangi la 80 kwa 35 kwa 40 lina lita 112, kwa hiyo pampu ya lita 500 kwa saa inafaa. Kumbuka tu kwamba sponji iliyoziba inaweza kushusha nguvu hiyo hadi nusu bila wewe kugundua.

Nalisha kiasi gani basi?

Kinachokwisha ndani ya dakika mbili, mara moja kwa siku. Samaki wakubwa wanaweza kuruka siku moja kwa wiki bila shida yoyote. Najua wanakuja mbele ya kioo kila ukipita. Wanakuja kwa sababu wamezoea, si kwa sababu wana njaa.

Mkate na ugali uviache mezani. Vinavimba, vinavunjika, na vinaoza kabla samaki hawajamaliza. Dagaa wa kusaga ni chakula kizuri, ila unga wake mwembamba unashuka kwenye changarawe usikoweza kuuona. Uchekeche, ulishe punje, na ule unga uliobaki wape kuku.

Taa iwake saa ngapi?

Wakati wa vita, saa 6 kwa siku. Baadaye unaweza kupanda hadi 8. Taimari ya soketi ni ya bei ndogo na inafanya kazi hiyo vizuri kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote nyumbani. Angalia pia dirisha. Huku kwetu karibu na ikweta jua ni karibu saa 12 mwaka mzima, na tangi linalopigwa na jua la asubuhi kupitia dirisha la mashariki lina taa ya pili usiyoihesabu. Pazia zito linatosha.

Kipimo kinaonyesha nitrati sifuri. Si ndiyo maji masafi?

Nitrati ni naitrojeni iliyo majini, chakula cha mimea. Kwenye tangi lenye mimea mingi, sifuri ni dalili ya njaa. Mimea ikikosa naitrojeni inasimama kukua, inaacha fosfati ielee, na sianobakteria wanabaki bila mshindani. Baadhi ya jamaa zao wana uwezo wa kuchukua naitrojeni iliyoyeyuka kutoka hewani, jambo ambalo mmea hauwezi. Wafugaji wengi wa matangi ya mimea wameona utando ukipungua baada ya kupandisha nitrati hadi miligramu 10 au 20 kwa lita.

Njia rahisi ni potasiamu nitrati, mbolea inayoyeyuka ambayo wakulima wa umwagiliaji wa matone huinunua kwenye maduka ya pembejeo. Gramu 1.6 kwenye lita 100 za maji inapandisha nitrati kwa miligramu 10 kwa lita. Soma mfuko kwanza: iwe potasiamu nitrati peke yake, isiwe mchanganyiko wenye fosfati, amonia au shaba. Yeyusha kwenye kikombe cha maji, mimina kidogokidogo, pima kesho yake.

Kama tangi lako halina mimea, ruka jibu hili lote. Wewe nitrati unazo za kutosha na kuzidi.

Njia ya giza inafanya kazi kweli?

Inafanya, na kwa maoni yangu ndiyo ya kwanza kujaribiwa. Haigharimu kitu na haiweki kemikali yoyote kwenye maji. Wanaosema imewashinda, ukiwauliza vizuri, wengi waliweka giza juu ya uchafu uleule.

Asubuhi ya siku ya kwanza, vuta kwa mpira utando wote unaoufikia, usiusugue ukasambaa. Badilisha nusu ya maji. Suuza sponji ya filta ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa tangini. Ukitumia maji ya bomba, klorini itaua bakteria wazuri wanaosafisha amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki. Zima taa, zima kaboni dayoksaidi kama unatumia, weka jiwe la hewa, lile linalotoa viputo kwa pampu ya hewa, lifanye kazi mchana na usiku. Kisha funika pande zote pamoja na juu, ukiacha upenyo hewa ipite. Blanketi zito au plastiki nyeusi ya ujenzi inafaa. Khanga mbili hazitoshi; zishike mbele ya dirisha utaona mwanga unavyopenya.

Siku tatu kamili, au nne kama chumba kina mwanga mkali. Usilishe na usifunue kuchungulia. Samaki wazima wenye afya hawadhuriki kwa muda huo, lakini kama una vifaranga wa gapi wahamishie kwenye ndoo yenye jiwe la hewa na uendelee kuwalisha.

Ukifunua utakuta utando umepauka au umevunjika. Hapo ndipo wengi wanapokaa wakashangilia. Uliokufa unaoza, unakula oksijeni na kurudisha virutubisho majini, kwa hiyo vuta mabaki na ubadilishe nusu ya maji tena siku hiyohiyo. Taa irudi kwa saa 4 wiki ya kwanza.

Na haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa?

Ni nzuri kwa mabaka machache yaliyobaki, si kwa tangi lililofunikwa lote. Nunua ya asilimia 3, ambayo kwenye chupa nyingine huandikwa "10 vol". Ile ya "20 vol" ni asilimia 6, nguvu maradufu. Ya saluni ya kupakia nywele usiiguse, ina vitu vingine ndani.

Kiwango kisizidi mililita 1 kwa kila lita 4 za tangi kwa siku, yaani mililita 25 kwa tangi la lita 100. Zima filta ili maji yatulie, vuta dawa kwa bomba la sindano lisilo na ncha, uiachie taratibu juu ya baka lenyewe. Utaona viputo vidogo vikifumka papo hapo. Baada ya dakika kama kumi na tano washa filta. Kesho yake baka litakuwa limepauka, livute. Uduvi na mimea yenye majani laini hawaipendi, kwa hiyo anza na nusu ya kiwango kama unao.

Rafiki ananiambia niweke vidonge vya erithromaisini. Vinafaa?

Vinaua utando, ndiyo, kwa sababu ni bakteria. Lakini mimi naviweka mwisho kabisa wa orodha. Ni antibiotiki ya binadamu, inayopaswa kutolewa kwa cheti cha daktari, na maji yake utayamwaga kwenye mtaro unaopita nyumba kumi. Usugu wa dawa unajengeka hivyohivyo. Zaidi ya hapo, bakteria wazuri wa filta wanaweza kudhurika, na tangi ambalo halijarekebishwa litaota tena ukimaliza dozi, safari hii pengine kutokana na bakteria sugu waliosalimika.

Kama umefanya yote mengine kwa uaminifu na bado umekwama, tafuta dawa iliyotengenezwa kwa matangi, fuata maelezo ya pakiti hadi mwisho, na pima amonia kila siku. Kipimo cha kubahatisha kwa kuvunja vidonge vya watu sitakiandika hapa.

Mrututu, jiki, chumvi, siki?

Mrututu, hapana. Shaba yake inaua konokono na uduvi kwanza, na inapasua seli za sianobakteria zote kwa mpigo, kwa hiyo kama walikuwa na sumu inamwagika majini ikiwa nzima. Jiki ni ya kuloweka vyombo nje ya tangi: mapambo, mawe, mipira. Baada ya hapo suuza sana na uanike juani mpaka harufu iishe. Chumvi itaimaliza mimea yako kabla ya kuusumbua utando. Siki itakushushia pH tu.

Kuna samaki au konokono anayeula?

Wa kumtegemea, hakuna. Samaki mnyonya kioo, konokono, uduvi, wote wataupita wakienda kutafuta mwani wa kawaida. Muuzaji akikuambia vinginevyo, muulize kwa nini matangi yake ya nyuma yana kijani. Ukiongeza samaki umeongeza kinyesi.

Umeme ukikatika kwangu mara kwa mara, inahusika?

Sana. Filta ikisimama, maji yanasimama tangi zima, na uchafu unatua kila mahali. Kukatika kwa nusu saa si neno. Ikifika saa kadhaa, hasa kwa filta ya nje iliyofungwa, oksijeni ndani yake inakwisha, bakteria wazuri wanaanza kufa na maji humo yanaharibika. Umeme ukirudi filta inayatapika yote tangini. Kwa hiyo baada ya kukatika kwa muda mrefu, ifungue, mwaga maji ya ndani, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo uwashe. Pampu ndogo ya hewa ya betri, inayojiwasha yenyewe umeme ukiondoka, ni kitu ambacho kila mfugaji wa huku anapaswa kuwa nacho kabla ya taa ya bei mbaya.

Natumia maji ya kisima, au ya simtanki juu ya paa. Kuna shida?

Maji ya kisima yapime nitrati na fosfati mara moja angalau, hasa kwenye mitaa ya vyoo vya shimo. Maduka makubwa ya samaki huuza vipimo vya kuchovya. Ya simtanki, chungulia ndani: kama mfuniko umepasuka na kuta zina kijani, unajaza tangi kwa maji yaliyokwishaota. Maji ya bomba yenye klorini yaache kwenye ndoo wazi saa 24 na jiwe la hewa, au tumia dawa ya kuondoa klorini.

Ni hatari kwa samaki? Na kwa watoto?

Baka dogo halimdhuru samaki. Utando ukifunika mimea unaikatia mwanga, na ukifa kwa wingi unaweza kumaliza oksijeni usiku. Samaki wakihema juu ya maji alfajiri, ongeza hewa mara moja. Baadhi ya aina hutoa sumu, na kwa macho huwezi kuzitofautisha, kwa hiyo uchukulie kila utando kwa tahadhari. Nawa mikono kwa sabuni, usitie mkono wenye kidonda, na acha ile tabia ya kuvuta mpira kwa mdomo ili maji yaanze kutoka. Uzamishe mpira wote ndani ya tangi ujae maji, ziba ncha moja kwa kidole, ishushe kwenye ndoo, achia. Maji hayo ukiyamwaga bustanini si mbaya, ila mbwa na kuku wasiyanywe.

Nibomoe tangi lote nianze upya?

Mara chache inahitajika. Tangi jipya halina bakteria wazuri wa kutosha, samaki watapambana na amonia kwa wiki kadhaa, na utando unaweza kutangulia kuota hapo. Nabomoa pale tu changarawe inapokuwa nene na imeoza hadi chini, ukiichimba inatoa weusi na harufu ya yai viza. Hata hapo toa robo moja kwa wiki, na filta usiiguse siku hizo.

Tangi langu ni la maji chumvi, na utando ni rangi ya damu ya mzee.

Ni jamii ileile ikiwa na rangi nyingine. Mkondo, uchafu na fosfati ndivyo vya kushughulikia, na kifaa cha kukusanya povu kisafishwe mara nyingi zaidi. Peroksaidi kwenye matumbawe usiimwage kwa kukisia.

Nitajuaje kama nimeushinda?

Wiki mbili za kwanza baada ya giza usihukumu chochote. Wiki ya tatu hadi ya sita ndiyo ya kuangalia ule mstari wa changarawe kwenye kioo cha mbele, kwa tochi, kabla taa haijawaka. Kipande cha ukubwa wa kucha kikijitokeza, kivute siku hiyo hiyo, kisha rudia lile jaribio la punje za chakula, maana kitu kimesogea: jiwe, mmea uliokua ukaziba mkondo, au sponji iliyojaa.

Na kama kimebaki kile cha chini ya changarawe tu, kilichobanwa kati yake na kioo ambako mwanga wa dirisha unafika, bandika mkanda mweusi kwa nje hadi usawa wa changarawe. Hakitatoka juu.